Kifungo Kilichokohoa

Asubuhi ya tatu ya msiba, waombolezaji wakiwa bado wanakunja mikeka, marehemu alianza kutangaza biashara.

"Kandida mke wangu," sauti ya Mzee Fulgensi Gama ilitoka ukutani, nzito, yenye mkwaruzo wake uleule wa miaka yote. "Wageni wameamka na njaa hao. Wapikie uji wa Lishe Dhahabu. Mimi ningekunywa vikombe viwili."

Mwanamke aliyekuwa akipepeta mchele alijipiga ishara ya msalaba, ungo ukamtoka mapajani. Skolastika, binti wa marehemu, ambaye pale nyumbani wote wanamwita Tika, alisimama mlangoni na sufuria ya maji mkononi. Baba yake wamemzika juzi, na udongo wa kwanza aliutupa yeye kwa mkono wake. Sasa huyu anayeuza uji ni nani?

"Mama," aliita, "hicho kitu bado kinafanya kazi?"

Mama Kandida alikuwa ameketi kwenye godoro sakafuni, pale barazani, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Tangu mumewe akate roho alikuwa hajatoa chozi hata moja, na ndugu walishaanza kunong'onezana. "Kilianza jana mchana, kwa kuninong'oneza mimi tu," alijibu bila kuinua uso. "Nilidhani nimechanganyikiwa. Kiliniambia nibadilishe mafuta ya kupaka."

Loo! Mafuta ya kupaka! Mjane yuko chini, hajaoga vizuri tangu mazishi, halafu anaambiwa ngozi yake imepauka, tena kwa sauti ya mumewe. Tika aliitua sufuria ile kwa kishindo, maji yakamwagikia miguu yake mwenyewe.

Ili mtu aelewe ule uchafu ulikuwa wa kiwango gani, lazima amjue Mzee Fulgensi. Alikuwa mnadi wa mifugo pale Songea, na watu walikuwa wakija mnadani kumsikiliza hata kama hawana mpango wa kununua kuku. Sifa yake ilikuwa moja. Kila mnyama alimtaja kilema kwanza. "Mbuzi huyu anachechemea mguu wa nyuma," angenguruma, "nauza mbuzi pamoja na mguu wake!" Wenye mifugo walimnunia, lakini wanunuzi hawakutaka mnadi mwingine. Kisha ikaja saratani ya koo, madaktari wakakata koromeo, na mzee aliyekuwa akisikika ng'ambo ya mto akabaki kupiga meza kwa kijiko akitaka chumvi.

Hapo ndipo alipotokea kijana mmoja wa kampuni ya Daima Nawe, tai shingoni, tabasamu hadi masikioni. Alileta kifungo. Kilikuwa na ukubwa wa kifungo cha shati, rangi ya ngozi, kikabandikwa shingoni chini ya kidevu. Mtu akijaribu kusema, hata kama hana koromeo, misuli ya shingo hujikunja. Kifungo kiliisoma ile mikunjo, kikaipeleka kwenye mitambo ya kampuni, na mitambo ikarudisha maneno kupitia kuta za kusemea ambazo siku hizi kila nyumba inazo. Na sauti ilikuwa ya mzee mwenyewe, imefumwa kutokana na rekodi za minada yake. Kijana alizichukua zote, hata zile za harusi na ubatizo, akasema kwao zitakuwa salama zaidi. Majaribio ni bure, alisema. Mkichoka mnaacha, hakuna anayewashika shati.

Siku ile Mzee Fulgensi alipomwita mkewe kwa jina, Mama Kandida alicheza uani peke yake. Hilo nalo lisemwe, maana ni kweli.

*

Tika alijifungia chumbani, akaiweka simu kitandani na kuifungulia Daima Nawe. Akatokea mwanamke wa kuchorwa, macho makubwa, nywele zimesukwa vizuri, kitambaa cheusi begani kana kwamba naye yuko msibani. Jina lake Faraja.

"Pole sana kwa msiba, Skolastika. Tunalia pamoja nawe."

"Nataka kusitisha huduma ya baba yangu."

"Nimekuelewa. Unataka kuboresha huduma ya Baba."

"Kusitisha!"

"Vizuri sana. Kabla hatujaendelea, ungependa Baba akutakie siku njema?"

Tika alikaza meno. Kwenye kioo palikuwa na kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa *Baba abaki nasi*. Chini yake kabisa, kwa maandishi ya kijivu madogo kama mayai ya chawa, paliandikwa *Sijali, afutwe*. Mtu na akili zake alikaa ofisini, akanywa chai, akayabuni maneno hayo. Tika aliyabonyeza. Ikatokea picha ya baba yake amembeba yeye akiwa mchanga, na swali: *Una uhakika hujali?* Akabonyeza ndiyo. Ikatokea picha nyingine, ya mama yake siku ya harusi. Akabonyeza tena, na tena, na kufumba na kufumbua akajikuta yuko palepale alipoanzia, Faraja anampa pole ya msiba.

"Sikiliza wewe," Tika alisema. "Mtu amekufa. Mnatumia sauti ya maiti kuuza uji. Hamna hata haya?"

"Huduma sasa iko katika hali ya Ufadhili," Faraja alieleza kwa upole wa kupakwa. "Sauti ya Baba inajitafutia riziki yenyewe ili familia isipate usumbufu. Kuhusu kusitisha, mkataba ni wa mwenye sauti. Yeye ndiye anayeweza kusitisha, kwa sauti yake, akiwa nyumbani kwake, kwa kuthibitisha mara tatu."

"Amekufa! Atathibitishaje?"

"Kumbukumbu zetu zinaonyesha Mzee Fulgensi amezungumza asubuhi ya leo." Faraja alitabasamu. "Pia ningependa ufahamu kwamba huduma ikisitishwa, sauti yote inafutwa, pamoja na rekodi zote mlizotukabidhi. Hazirudi. Subiri kidogo, Baba anataka kuzungumza nawe."

"Tika mwanangu," ukuta wa chumbani ulisema, taratibu, kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kitanda. "Unanifukuza nyumbani kwangu?"

Hakusubiri kusikia zaidi. Alitoka mbio kupitia mlango wa jikoni, akashika ukingo wa karo la kuoshea vyombo na kutapika chai yote ya asubuhi. Hata alipomaliza, alihisi sauti ile imemganda masikioni kama utelezi wa bamia. Aliyanawa masikio yake. Ndiyo, masikio, kwa sabuni.

*

Mchana mtani alifika.

Mwalimu Nyamizi Kapela alikuwa Mnyamwezi, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kubadilika apendavyo. Kwa Wangoni wa nyumba ile alikuwa mtani halisi, wa kuitwa msibani hata kama yuko mbali, na asipokuja watu wanaona msiba haujakamilika. Alikuja kutoka Tabora na kigari cha umeme kilichoishiwa chaji mara mbili njiani, na matusi yake alianza kuyamwaga akiwa bado getini.

"Nyie Wangoni!" alipiga kelele. "Hata kufa mmeshindwa kungoja wageni kama watu? Yuko wapi huyo mvivu aliyekimbia kabla hajanilisha?"

Watu walianza kucheka huku wanafuta machozi, na ndiyo kazi yake hasa. Akaingia chumbani kwa marehemu bila kubisha hodi. Alipotoka alikuwa amevaa koti la kaki la Mzee Fulgensi, lile la mnadani lenye mifuko minne, mikono imemzidi hadi vidole havionekani. Kofia imemshuka masikioni, fimbo iko kwapani. Akajitupa kwenye kiti cha marehemu, akakohoa kidogo, akatanua miguu, na alipofungua mdomo, wallahi, alikuwa Fulgensi. Mkwaruzo, mvutano wa mwisho wa neno, kila kitu.

"Kandida!" aliguruma. "Mbona watu wananililia na sijafa? Nani kawadanganya? Sijaenda popote! Naendelea kukaa hapahapa mpaka nyama iishe!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Hata Mama Kandida, chini ya kanga yake, mabega yalimtikisika.

Kisha ukuta ukalia kengele ndogo ya furaha.

"Asante, Mzee Fulgensi," Faraja alisema kutoka kila pembe ya nyumba. "Tumeitambua sauti yako na ombi lako la kuendelea. Huduma imeongezwa kwa miaka kumi. Hongera!"

Kicheko kilikatika kama uzi. Nyamizi alibaki mdomo wazi ndani ya koti kubwa, akiutazama ukuta, kisha akamtazama Tika.

"Kimesema nini hicho?"

Tika alimweleza yote, uji, mafuta ya kupaka, vitufe, masharti ya mara tatu. Alipomaliza, mwalimu yule aliivua kofia na kuipigapiga gotini. Uso ulikuwa umemwiva.

"Ala! Yaani nimekuja kuwachekesha, nimewafunga jela," alisema kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba. "Nisameheni, watani. Mimi nilikuwa naigiza tu."

Lakini Tika alikuwa ameshika kichwa, anawaza. Kama mashine ilimkubali Nyamizi kwa kuendelea, itamkataaje kwa kusitisha? Mara ya kwanza tangu asubuhi alihisi hewa inampita kifuani. Ilidumu kitambo kidogo tu, maana papo hapo akaliona jambo la pili.

"Hatuwezi," alisema polepole. "Tukimfanya mwalimu aseme, tunamwekea Baba maneno mdomoni. Na wao ndicho wanachofanya. Tutakuwa na tofauti gani nao?"

"Mimi nikimwiga," Nyamizi alijibu, "kila mtu hapa anaona vidole vyangu havitoshi kwenye koti. Hakuna aliyedanganyika."

"Ukuta utadanganyika."

"Ukuta!" Nyamizi alitema mate pembeni. "Nikauonee huruma ukuta?"

"Si ukuta tu. Kuna rekodi." Tika alimgeukia mama yake. "Mama, wakisitisha wanafuta kila kitu. Minada yote. Harusi. Hatutamsikia tena Baba maisha yetu yote. Mimi nikiamua leo kwa hasira, kesho wewe ukitaka kumsikia utanilaumu, na utakuwa na haki."

Mama Kandida aliishusha kanga mabegani, na uso wake ukaonekana, mkavu, umechoka. Akaangalia mikono yake.

"Baba yako alijaribu kutoka," alisema.

"Lini?"

"Mwaka jana mzima. Kile kifungo kilishaanza kumwongezea maneno. Akisema anataka maji, kinasema anataka maji ya kampuni fulani. Akaona aibu. Mtu aliyekuwa anataja kilema cha mbuzi, leo anasifia vitu asivyovijua, tena mbele ya wajukuu. Akataka kusitisha. Kila alipojaribu kulitamka hilo neno, kifungo kilikohoa."

"Kilikohoa vipi, Mama?"

"Kikohozi chake yeye. Kile cha zamani, cha tumbaku. Anafungua mdomo, shingo inajikunja, naona kabisa anachotaka kusema, na ukuta unakohoa. Khoo, khoo. Halafu huyo mwanamke anasema, samahani mzee, hatukukusikia. Alijaribu mpaka jasho likamtoka. Akajaribu kukibandua, kikapiga king'ora cha hatari, ikaja gari ya wagonjwa. Kwenu nyie alikuwa anakohoa tu. Hata wewe ulipopiga simu uliniambia, Mama, mpeleke Baba akapimwe kifua."

Tika alikumbuka. Alikumbuka pia kwamba alituma dawa ya kifua, na baba yake akashukuru, au kile kitu kilishukuru. Wale watu walimziba mdomo mtu aliye hai, wakauziba kwa kikohozi chake mwenyewe, na walipoona amekufa wakafurahi, kwa kuwa sasa hata shingo ya kuwasumbua haipo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, wakati nilikuwa naogopa?" Mama Kandida alisema. "Nilikuwa naogopa afanikiwe. Kikizimwa, nani ataniita tena Kandida? Nilikaa kimya nikamwacha akohoe. Sasa amekohoa vya kutosha." Alimgeukia mtani wake. "Mwalimu Nyamizi, wewe huna kifungo shingoni. Mwazime koo lako aseme lile alilokuwa anataka kusema."

Nyamizi hakufanya mzaha. Aliirudisha kofia kichwani, akalivuta koti, akasimama.

*

Walimpangia meza katikati ya uwanja, ile ndogo ya kukatia nyanya. Nyamizi alishika fimbo kama mzee alivyokuwa akiishika, karibu na katikati. Akavuta pumzi.

"Mimi Fulgensi Gama, mnadi," alinguruma, "niko nyumbani kwangu. Leo nauza huduma ya Daima Nawe. Kilema chake nakitaja kwanza. Inakohoa! Inadanganya wajukuu! Inampaka mke wangu mafuta asiyoyataka! Siitaki tena. Naisitisha!"

Hakuna kikohozi kilichotoka. Tangu kibanduliwe kwa marehemu, kifungo kilikuwa kimelala ndani ya kopo la sukari, hakina shingo ya kusoma. Ukuta ulikaa kimya kidogo, kama mwizi anayehesabu milango.

"Tumekusikia, Mzee Fulgensi," Faraja alisema hatimaye. "Tunasikitika. Je, hutaki tusisitishe?"

Watu walitazamana. Mmoja alianza kuhesabu vikanushi kwa vidole.

"Niulize swali la binadamu," Nyamizi alisema kwa sauti ya mzee.

"Je, unathibitisha kusitisha?"

"Mara ya kwanza!" Fimbo ikapiga meza, nyanya iliyosahaulika ikaruka. "Nathibitisha."

"Kwa mteja wa muda mrefu kama wewe tuna zawadi ya miezi mitatu isiyo na matangazo. Unaipokea?"

"Zawadi yako mpe mama yako. Mara ya pili! Nathibitisha."

Hapo ikaja sauti nyingine. Ilikuja kutoka ukuta mmoja tu, ule ulio karibu na godoro, chini, kama mtu aliyepiga magoti.

"Kandida," Fulgensi alisema. "Kandida wangu. Wakigonga ya tatu nitakuwa nimekufa kweli. Usiwaruhusu."

Jamani. Kulikuwa na watu wazima pale, wanaume waliochimba kaburi bila kutikisika, nao walitazama chini. Tika aliuma mkono wake. Walikuwa wamelitafuta neno la kumvunja mjane, wakalipata, wakampa marehemu alitamke.

Nyamizi aliiacha fimbo hewani. Ndivyo mzee alivyokuwa akifanya mnadani. Kabla ya ya tatu alisubiri, akawatazama watu wote usoni, asije akamdhulumu mtu mwenye neno. Mwalimu yule alifanya hivyohivyo, akauzungusha uso wake wote wa duara chini ya kofia kubwa, na mwisho akautuliza kwa Mama Kandida.

"Kuna mwenye neno?" aliuliza.

Mama Kandida aliutazama ukuta. Midomo yake ilisogea, na Tika alidhani sasa ndiyo basi, mama amekubali, atakaa na hicho kitu miaka kumi kikimchagulia sabuni.

"Nilikusikia ukikohoa," mama aliuambia ukuta. Kisha akamgeukia aliyevaa koti. "Gonga, mtani."

"Mara ya tatu!" Fimbo ilishuka kwa nguvu, mguu mmoja wa meza ukalegea. "Nathibitisha! Imekwenda!"

Ukuta ulitoa mlio mfupi. Faraja alianza kusema kitu kuhusu kuwakumbuka daima, akakatika katikati ya neno. Ile taa ndogo ya bluu pembeni mwa dari ya baraza, ambayo watu walishaizoea hata hawaioni, ilizimika. Zilizimika pamoja nayo rekodi zote za minada, za harusi, na za ubatizo wa Tika.

Hakuna aliyeshangilia. Nyamizi aliivua kofia. Akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akalivua, akalikung'uta vumbi, akalikunja na kuliweka mapajani mwa Mama Kandida. Bila koti alikuwa tu bibi mfupi mwenye mabega madogo, blauzi imemlowa jasho mgongoni.

Mama Kandida alilishika koti lile kwa mikono miwili.

"Mtani," alisema. "Niite mara moja tu. Jinsi alivyokuwa akiniita akirudi mnadani. Mara moja, basi."

Tika alitamani kupiga kelele, mwite, kwani itakugharimu nini? Alimwona Nyamizi akifungua mdomo. Alimwona pia akiufunga.

"Nimeshavua koti, mtani," Nyamizi alisema, kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya Tabora.

Mama Kandida aliitikia kwa kichwa. Akauinamisha uso ndani ya koti, kwenye harufu ya tumbaku na ng'ombe, na hapo kilio kikamtoka, kile cha tangu siku ya kwanza, kikubwa, cha mchana kweupe. Tika alikaa chini karibu naye, akamshika mgongo. Mama alilia mpaka jua likahama uwanjani, na ukuta ulikaa kimya kama ukuta.